Kupasuliwa Ng'ambo, Kupona Lushoto

Siku hizi katika ofisi za Halmashauri, katika vyumba vya waalimu na hata ndani ya mabasi yapandayo mlima kutoka Mombo, yanasikika mazungumzo ambayo kizazi kilichopita hakikuyajua. Watu wanaulizana habari za kusafiri hadi India au Uturuki kwenda kupasuliwa ili wapunguze unene. Yuko anayeuliza bei, yuko anayeuliza jina la hospitali, na yuko aliyekwisha kukopa nauli. Mazungumzo hayo ni halali, kwani afya ya mtu ni mali yake ya kwanza. Walakini yana upungufu mmoja mkubwa: takriban yote hukomea kwenye kitanda cha upasuaji. Ni wachache wanaouliza: nikisharejea Lushoto, nani ataniangalia?

Hoja ya makala hii ni moja tu. Mpango wa safari ya namna hii hauna budi kuanzia mwishoni. Mtu apange kwanza mahali atakapopona, mikono itakayomwangalia na chakula atakachokula; kisha ndipo apange hospitali, na mwisho kabisa tiketi ya ndege. Wengi wetu tunapanga kinyume chake, na kinyume hicho kinaweza kugharimu maisha.

Kabla ya kuingia katika mpango huo, yafaa tuondoe dhana mbili potofu. Dhana ya kwanza ni kwamba unene uliokithiri ni matokeo ya ulafi na uvivu tu, na kwa hiyo mwenye nao anastahili kuchekwa. Sayansi ya tiba inautambua unene huo kuwa ni maradhi, yenye asili katika damu ya ukoo, katika chakula, katika kazi za kukaa kitini kutwa nzima, na katika mwili wenyewe, ambao ukishazoea uzito fulani huutetea kwa kuleta njaa kila unapopungua. Ndiyo maana mtu hufunga, hutembea, hupungua kilo kadhaa, na baada ya mwaka zote zimerejea.

Dhana ya pili ni kwamba hili ni tatizo la matajiri wa Dar es Salaam, lisilowahusu watu wa milimani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Taifa moja limebeba mizigo miwili, na mara nyingine mizigo hiyo imo katika nyumba moja. Kuushughulikia mmoja hakumaanishi kuudharau wa pili. Mwalimu asiyeweza tena kupanda kilima kwenda shuleni kwa sababu ya magoti na pumzi, au karani ambaye kisukari kimeanza kumla macho na miguu, hatafuti urembo. Anatafuta kuishi na kuendelea kuwatumikia wananchi.

Upasuaji wenyewe ni nini? Aina zinazofanywa zaidi duniani ni mbili. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba. Katika aina ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko huo, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kipite njia fupi. Aina hii ya pili ilianzia Marekani, katika jimbo la Iowa, mwaka 1966, kwa kazi ya daktari Edward Mason. Leo shughuli hizi hufanywa kwa matundu madogo tumboni badala ya mpasuo mrefu. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki kutokana nazo ni chini ya mtu mmoja katika kila mia.

Faida zake ni za kweli. Wengi hupoteza robo ya uzito wao au hata zaidi katika mwaka mmoja au miwili, na kisukari cha watu wengi hupoa kwa kiasi cha kuacha dawa. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kutoa matokeo yake juu ya vifo mwaka 2007, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walifariki kwa uchache kuliko wenzao wa uzito kama huo ambao hawakupasuliwa. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa kwamba anakwenda kucheza na kifo. Iliyo haki ni kumweleza kwamba upasuaji ni kazi ya saa chache, na kuuishi ni kazi ya umri wake wote.

Wala si kila mnene anayestahili kupasuliwa. Kipimo kitumikacho ni uzito wa mtu kwa kilo, ugawanywe kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 90 atapata 35 na kidogo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kwa mwenye 40, au mwenye 35 pamoja na maradhi mengine mazito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hicho hadi 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Aliye chini ya hapo, na anayetaka tu nguo zimkae vizuri, asijitie katika kisu.

Sasa tuje kwenye mpango.

Kwanza, safari ianzie nyumbani. Mgonjwa aende Hospitali ya Wilaya, apimwe sukari, shinikizo la damu, moyo, figo na wingi wa damu. Kutoka hapo iko Hospitali ya Rufaa ya Bombo mjini Tanga, iko KCMC mjini Moshi, na iko Muhimbili. Kufikia mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilikuwa tayari inawawekea wagonjwa puto ndani ya mfuko wa chakula ili wapunguze uzito bila ya kupasuliwa. Puto si dawa ya kila mtu, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Lakini ni nani kati ya wanaokopa kwenda ng'ambo aliyekwisha kwenda Mloganzila kuuliza? Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo ambao zamani wangepelekwa India wanatibiwa Dar es Salaam. Kudhani kwamba tiba njema lazima ivuke bahari ni kasumba, na kasumba hiyo ina gharama. Mtu na asafiri akiwa ameambiwa na daktari wa hapa kwamba analolihitaji halipatikani kwetu, au kwamba kwa hali yake huko ni bora zaidi.

Pili, ahesabu gharama yote. Wakala wa hospitali za ng'ambo hutaja bei ya upasuaji, na pengine hoteli na gari la kutoka uwanja wa ndege. Hataji chakula na nauli ya ndugu wa kumsindikiza mgonjwa, siku za ziada likitokea tatizo, vipimo vya damu vya mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na kisha vya kila mwaka. Wala hataji vidonge vya vitamini na madini vya maisha yote. Mtumishi wa umma anajua kwamba kwa utaratibu wa makato hana budi kubakiwa na theluthi moja ya mshahara wake. Akiuweka rehani mshahara wote uliosalia kwa ajili ya upasuaji peke yake, vidonge vya mwezi wa saba atavinunua kwa fedha gani? Anayekopa na atenge kwanza fedha ya mwaka mzima wa uangalizi na akiba ya dharura. Kinachobaki ndicho cha safari. Na asidhani kwamba kadi ya bima itagharamia madhara ya upasuaji aliouchagua mwenyewe ng'ambo, mpaka aulize na kujibiwa kwa maandishi.

Tatu, apange siku. Likizo ya mwaka ni siku 28, nayo huonekana ndefu mpaka uigawe. Hospitali nyingi humtaka mgonjwa ale chakula kidogo maalumu kwa muda wa kama wiki mbili kabla, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Baada ya upasuaji, kupanda ndege ya safari ndefu mapema ni hatari, kwani damu huweza kuganda miguuni na donge lake kupanda hadi mapafuni. Ni busara kubaki karibu na daktari aliyepasua kwa siku kumi hivi au zaidi, kama atakavyoagiza. Kisha mwalimu au karani huhitaji wiki mbili mpaka nne kabla ya kurejea kazi ya kukaa, na wiki nne mpaka sita kabla ya kuinua ndoo ya maji, mzigo wa kuni au jembe. Kwa hiyo mwalimu anayetegemea likizo fupi ya Juni anajidanganya. Heri aonane na mkuu wake wa shule mapema, aombe ruhusa kwa taratibu zilizowekwa.

Nne, na hapa ndipo penye uzito wote, aandae marejeo yake. Tuitazame jiografia yetu bila ya kujipendekeza. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za barabara inayojikunja kando ya makorongo kupitia Soni. Kutoka Lushoto kwenda Mlalo, Mtae au Bumbuli kuna kona nyingine nyingi, na masika yakikolea udongo huporomoka. Daktari aliyepasua yuko Delhi au Istanbul, hajui Soni ni mdudu au mji. Likitokea la kutokea saa nane za usiku, atakayeitwa ni tabibu wa zamu wa zahanati au kituo cha afya, ambaye huenda hajapata kumwona mtu aliyepasuliwa namna hii.

Hatari zenyewe zina tabia ya kujificha ndani ya maradhi tuliyoyazoea. Mshono wa mfuko wa chakula ukivuja, jambo liwezalo kutokea katika wiki chache za kwanza, mgonjwa hupata homa, moyo kwenda mbio kupita mapigo 120 kwa dakika, kupumua kwa shida, maumivu ya tumbo, na pengine maumivu ya bega la kushoto. Katika mkoa wetu, homa na mwili kuchoka huitwa malaria kabla ya kitu kingine chochote. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria, akaambiwa arudi baada ya siku tatu. Mwenye mshono unaovuja hana siku tatu za kusubiri. Anahitaji chumba cha upasuaji.

Chukua mfano wa pili. Aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa siku nyingi, mwili wake hupungukiwa na vitamini B1. Macho huanza kuyumba, miguu hukosa mizani, akili huchanganyika. Akifikishwa kituoni amelegea, huruma ya kwanza ni kumtundikia dripu ya maji yenye sukari. Sukari hiyo, ikitangulia vitamini B1, huweza kuuumiza ubongo zaidi, na madhara yake yakawa ya kudumu. Chukua na wa tatu: mtu anaumwa kichwa au mgongo, anakwenda duka la dawa muhimu, anauziwa diklofenaki. Kwa aliyeunganishwa utumbo, dawa za jamii hiyo huweza kuchimba kidonda pale kwenye kiungo, kikavuja damu. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mifano hii yote mitatu. Kilichokosekana ni habari.

Na ulimwengu umekwisha kutuonyesha kwamba jambo hili si la milima yetu tu. Mapema mwaka 2023, makumi ya watu wa Ulaya, wengi wao kutoka Ujerumani, walikwenda Uturuki kudungwa tumboni sumu ya botulinamu kwa lengo la kupunguza uzito. Walirejea makwao, kisha wakaanza kulegea misuli, kushindwa kumeza na kupumua kwa taabu. Madaktari wa kwao iliwabidi kwanza wajue mgonjwa alikuwa wapi na alifanyiwa nini ndipo waweze kumwokoa. Ikiwa Ujerumani, pamoja na hospitali zake zote, ilihitaji habari hiyo, sembuse sisi wa Usambara?

Kwa hiyo, mgonjwa asitoke hospitali ya ng'ambo bila ya barua ya tiba yenye kueleza aina ya upasuaji, tarehe, dawa alizopewa, na simu ya daktari. Nakala moja aiweke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, moja katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yake, na moja aishike mtu wa nyumbani anayejua kuisoma. Tena azungumze kabla ya safari na daktari mmoja wa Bombo, KCMC au Muhimbili, akubaliane naye kwamba ndiye atakayemfuatilia. Kama hakuna daktari hata mmoja nchini aliyekubali kumwangalia, safari hiyo haijaiva. Dawa zake za sukari na shinikizo nazo ziangaliwe upya mara moja, kwani kipimo kilichomfaa jana kinaweza kumwangusha leo. Na kwa akina mama, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Wala wasitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo mwili uliounganishwa utumbo huweza usivipokee sawasawa, bali waulize habari za sindano au vipandikizi.

Tano ni chakula. Hapa Lushoto imebarikiwa kuliko miji mingi, ili mradi tujue kuutumia utajiri wetu. Wiki mbili za kwanza ni za vimiminika, vinavyonywewa kwa funda ndogo ndogo siku nzima: maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi usio na sukari. Kisha huja vyakula vilivyopondwa: maharage na njegere zilizochujwa maganda, mayai, samaki laini, viazi vichache. Makande, nyama ngumu na tonge kubwa la ugali vingoje, maana kifuko kipya hakina nafasi wala nguvu ya kuvisaga. Mwili unahitaji kama gramu 60 za protini kila siku, nazo hazipatikani kwa chai na mkate. Hupatikana kwa maziwa, mayai, dagaa na jamii ya kunde, vitu ambavyo soko letu halivikosi. Soda na chai ya sukari nyingi ni adui. Kwa aliyeunganishwa utumbo huleta jasho, kizunguzungu na moyo kupiga ovyo. Kutembea ni dawa, lakini milima yetu ni mikali: mgonjwa aanze na pale penye usawa, aongeze mteremko kidogo kidogo.

Liko na jambo la sita, ambalo halimo katika vitabu vya tiba. Jamii yetu imezoea kumsifu mtu kwa kunenepa. "Umenawiri," tunasema, tukimaanisha mambo yake ni mazuri. Akikonda ghafula, tunanong'onezana kwamba ana maradhi mabaya, au amerogwa, au mume amemtesa. Kwa kuogopa ndimi hizo, wengi husafiri kwa siri, wakirejea husema walikwenda semina. Siri hiyo ndiyo inayomfanya jirani asijue la kumwambia tabibu siku mgonjwa atakapokosa kauli. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hatusemi kila mtu atangaze mambo yake sokoni. Tunasema wawepo watu wawili au watatu wa kuaminika wenye kujua yote. Na sisi wengine tujifunze adabu: mtu akikataa sahani ya pili ya pilau harusini tusimlazimishe, na mtu akikonda tusimzike kwa maneno akiwa hai.

Viongozi wetu wa afya nao wana sehemu yao. Si lazima wangoje fedha nyingi. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kukusanya matabibu wa vituo kwa siku moja, akawaeleza dalili tulizozitaja na dawa za kuepuka. Kitabu cha kuwaandikisha waliopasuliwa ng'ambo, kikiwekwa kwa siri inayostahili, hakihitaji zaidi ya daftari na kufuli. Na wanaolala na madaraka ya kuajiri wampe mtumishi aliyepasuliwa nafasi ya kwenda kupimwa kwa miadi yake, bila ya kumhesabia kuwa ni mtoro.

Ndugu watumishi na waalimu, ninyi ndio mnaoulizwa na wananchi kila jambo geni linapoingia kijijini. Mkiulizwa juu ya hili, msijibu kwa kejeli wala kwa kushabikia. Mwulizeni anayekusudia kwenda: daktari wako wa hapa ni nani? Barua yako itasomwa na nani? Fedha ya mwaka wa kwanza wa vidonge na vipimo iko wapi? Nani nyumbani ajuaye? Akiwa na majibu manne, mwombeeni safari njema. Akikosa hata moja, mwambieni kwa upole angoje, kwa maana ndege zitaendelea kuruka, na mwenda pole hajikwai.